Visima vya Njia Iliyokufa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hukutazamia salamu yangu kutoka karibu hivi. Niko hapa Dodoma, nje ya ua wa miiba wa kambi yenu, upande wa Nkuhungu, nyumbani kwa Bi Tatu anayewauzia askari unga na togwa. Usigeuke kunitafuta. Juzi nilikuona mlipopelekwa kuchota maji, kofia yako imekaa upande kama kawaida yako, nikauma kidole nisiite. Askari wa mlangoni hataki wanawake wasogee, isipokuwa Bi Tatu, na yeye anaachiwa kwa sababu ya togwa yake.

Barua hii ataiingiza yeye, chini ya unga. Sikuifunga wala sikuishona ndani ya kitambaa. Wewe hujui kusoma, nami sijui ni nani katika wapagazi hao atakayekusomea, basi nimeiacha wazi. Nimeiandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizong'ang'ania nijifunze wakati ndugu zako wote wanauliza mtoto wa kike atamsomea nani. Nimeambiwa miongoni mwenu wamo walimu wa chuo, wamekamatwa shambani kama walivyokamatwa wengine. Mmoja wao atakusomea, na ninataka asome kwa sauti, walio karibu wasikie. Utanikasirikia. Nikasirikie, lakini sikiliza mpaka mwisho.

Habari zako alituletea Juma, mtoto wa jirani yetu wa mlimani. Amerudi Kondoa anachechemea, mguu umeoza kwa kidonda, wakamwacha kwa kuwa hakuwafaa tena. Alikaa uani petu akatueleza kwamba Bwana Mdachi, yule Mjerumani wa kambi, aliwakusanya watu akauliza nani anaijua njia ya zamani ya kwenda Kilimatinde, maana gari la moshi limejaa askari na vitu vya vita, na nafaka itakwenda kwa vichwa vya watu. Wewe ukasimama. Ukamwambia unaijua njia ile kama nyumba yako, kwamba ni fupi kuliko kuifuata reli, na kwamba kila kambi ina kisima. Tangu siku hiyo wamekutua mzigo, kwa sababu kiongozi wa msafara habebi.

Mama alikuwa ameshika kata ya maji mkononi. Aliposikia hayo akairudisha mtungini bila kunywa. Tukatazamana, nikajua anakumbuka ninachokikumbuka mimi. Asubuhi nilifunga kaniki yangu nikaanza kushuka huku.

Baba, visima havipo. Wewe unajua havipo. Au niseme ulijua, kabla hujaisimulia safari yetu mara nyingi mpaka ikageuka safari nyingine. Basi kaa nikukumbushe ilivyokuwa, si unavyoisimulia kwa wageni.

Ilikuwa baada ya mavuno, reli imekwisha kupita Dodoma kuelekea Tabora na watu wote wanaizungumza. Mwaka ule ghala lilijaa mtama, na wewe ulikuwa na furaha ya mtu aliyeshiba. Ukatangaza kwamba tutasafiri, wewe, mama na mimi. Mama akauliza nani amefiwa. Ukasema hakuna. Akauliza nani anaoa. Ukasema hakuna, tunakwenda kutembea tu, kuiona nchi, kama wafanyavyo Wazungu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Majirani nao walicheka, lakini walikuonea wivu, na wewe uliuona wivu wao ukazidi kunyoosha shingo.

Ulikuwa na mafunzo ya safari kama mganga alivyo na mizizi. Jioni nyingi za utoto wangu nilizimaliza nikikusikiliza. Mtu asishibe sana kabla ya kutembea. Asivue viatu vya ngozi penye mawe hata vikimchoma. Asilale karibu na njia, wala mbali nayo. Nchi hii umeipima kwa miguu yako, ulikuwa ukisema, tangu pwani mpaka Tabora, na pembe ya ndovu begani. Nami niliamini kila neno, na mengi yalikuwa kweli. Mpaka leo nikifunga mzigo naufunga ulivyonifundisha.

Lakini tamaa, baba. Mtu akitaka kutembelea nchi kubwa kama hii angechagua pahali pamoja, akapaona, akarudi. Wewe ulitaka tuone Dodoma, na gari la moshi, na maji mapana ya Bahi, na boma la Kilimatinde juu ya mlima wake, na miguu ikiruhusu, Tabora. Mama alikwambia mtaka yote hukosa yote. Ukamjibu kwamba mtu akishatoka nyumbani atoke kweli, kwa nini arudi na nusu ya nchi. Niliona umesema vizuri sana. Nilikuwa msichana, sijui kiu ni nini. Kwetu Kondoa maji yanabubujika yenyewe chini ya mlima, hayana mwenyewe, anakunywa mtu na anakunywa mbuzi wa mtu.

Dodoma tulifika salama, na siku zile mbili tatu za pale ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nawe. Ulituonyesha maduka ya Wahindi. Ulimnunulia mama shanga nyeupe, ukamvika mwenyewe mbele ya watu, naye akajifanya ameudhika. Kisha tukaenda kulitazama gari la moshi. Mama alikishika kisigino chako lilipopiga mbinja, maana alikuwa amejitupa chini. Wewe hukushtuka. Ulisimama tu ukitazama magunia yanavyopakiwa, mizigo ya msafara mzima kwa muda wa mtu kuvuta kiko, na uso wako ulikuwa uso wa mtu anayemwona mke wake wa zamani kwa mume mwingine. Nilikuonea huruma, ingawa sikujua kwa nini.

Mama alitaka tupande twende Bahi ndani ya lile gari. Ukasema neno ambalo baadaye ulilikana, lakini mimi nililisikia kwa masikio yangu. Ulisema, "Reli ni ya watu wasiojua njia."

Basi tukashika njia ya misafara, na punda wetu, na vibuyu viwili vya maji. Viwili tu. Mama alipotaka kuongeza ulimwambia asimchoshe punda bure, kisima kipo kila kambi. Kwenye nyumba za mwisho walikuwapo Wagogo wanakamua ng'ombe, mama akasimama kuwauliza habari za huko mbele. Ulimvuta mkono. Kiongozi haulizi, ulisema, akiuliza mbele ya watu wake wanavunjika moyo. Mama akasema kuuliza si ujinga. Nawe ukatangulia bila kujibu, tukakufuata, kama tulivyokuwa tukikufuata siku zote.

Njia ilikuwapo. Hilo nakubali. Ilikuwa imekanyagwa na miguu ya watu wengi mno hata nyasi hazijapata ujasiri wa kuifunika yote. Ulikuwa ukituonyesha kila kitu, hapa alilala Mwarabu fulani, hapa tulimzika mwenzetu, hapa tuligombania mbuzi. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kukuona. Ila kambi ya kwanza tulikuta mafiga matatu na shimo lililojaa mchanga. Ukasema watu wa hapa wamekuwa wavivu. Kambi ya pili hivyohivyo. Ukachimba kwa mikono mpaka ukazama kiunoni, ukatoa mchanga mkavu, kisha mchanga mkavu, ukajipangusa ukasema Bahi si mbali, Bahi kuna maji hata ya kuogelea viboko.

Bahi uliyoijua wewe ilikuwa Bahi ya mwaka wa mvua. Sisi tulifika kiangazi. Tulikuta tope limekauka likapasuka vipande kama vigae, na juu yake chumvi nyeupe inang'aa mpaka macho yanauma. Ndege hakuna, samaki hakuna, watu wamehamia walikohamia na mifugo yao. Ulisimama pembeni kwa muda mrefu. Kisha ukapata kidimbwi, ukayaonja maji yake, ukasema yana chumvi kidogo lakini yanafaa. Hayakufaa. Mama aliyanywa kwa kukutii, na usiku kucha tumbo lilimsokota, likamtoa hata yale maji machache aliyokuwa nayo mwilini.

Asubuhi tulisikia mbinja ya gari la moshi, mbali, upande wa kaskazini. Mama akanyoosha mkono kule. Hakusema twende, alinyoosha mkono tu. Stesheni kuna watu, na penye watu pana maji, hata mimi nililijua hilo. Wewe ukatazama kule, ukatazama mbele, na baba, nilikuona ukipima. Halafu ukasema, mbele kidogo.

Mbele kidogo. Tangu siku ile siwezi kulisikia neno hilo nikatulia.

Jua lilipokuwa utosini mama aliacha kutoka jasho. Tulimpandisha juu ya punda, akawa anayumba, nimemshika ubavu mmoja na wewe mwingine. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alianza kuzungumza na marehemu bibi, akimwambia ameanika mtama na mbuzi wanaula, aje awafukuze. Wewe ulikuwa ukiendelea kutaja majina ya kambi, moja baada ya moja, kama mtu anayesoma dua. Nilitaka kukupiga, baba. Namwomba Mungu anisamehe, nilitaka kuokota jiwe nikupige nalo ili unyamaze. Mama yangu alikuwa anakufa mikononi mwangu na wewe unataja majina.

Aliyetuokoa ni punda. Alisimama, akainua pua, akaiacha njia na kuvuta kuelekea kwenye korongo upande wa kushoto. Ulimpiga, hakusikia. Katika safari ile yote mwenye kuijua njia alikuwa yeye. Tukamfuata, na chini kwenye mchanga wa korongo tukaona ua mdogo wa miiba, umefungwa vizuri, na ndani yake shimo. Maji yaling'aa humo ndani. Juu ya ukingo kulikuwa na nyumba ya tembe na zizi.

Hapo, baba, ndipo ulipotaka kutuua. Wewe ulikulia katika misafara, na msafara ukifika penye kisima unakishika kwanza, kisha mkubwa wake anakwenda kuzungumza na mtemi habari za hongo, ushuru wa kupita. Ndivyo ulivyojua wewe. Hukujua, au hukutaka kujua, kwamba siku hizi Mgogo hachimbi kisima cha mchangani kwa ajili ya njia. Anakichimba kwa ajili ya nyumba yake. Mvua inakizika kila mwaka, na kila kiangazi nyumba ileile inakifukua upya. Anayetaka maji hagusi miiba. Anasimama mbali, karibu na zizi, anatoa salamu, anakaa chini, anangoja aulizwe habari. Maji yataletwa yenyewe. Wewe ulikwenda moja kwa moja ukaanza kuing'oa miiba kwa mikono.

Sauti ya mwanamke ilitoka juu ya ukingo, kali. Mara ile wanaume wakawa wamesimama juu yetu na mikuki. Walikuwa wamejipaka udongo mwekundu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akipiga kelele, na ule ukimya wao ndio ulionitisha. Mmoja alishuka akasimama kati yako na shimo. Wewe ukaanza kusema kwa sauti kubwa, sauti ya msafarani. Ukamtaja mtemi ambaye msafara wenu ulimpa vitambaa, ukataja rangi ya vitambaa, ukasema kisima kile ulikilipia wewe zamani kabla wao hawajaota meno. Yule mwanaume aliuinua mkuki. Si kwa kukutisha, baba. Aliuinua kama mtu anayetaka kufanya kazi.

Kisha mwanamke mwenyewe akashuka, ana kata mkononi, akakutazama wewe, akamtazama mama juu ya punda. Kiswahili alikijua kidogo, alikisema polepole. Maneno yake ninayakumbuka yote.

"Huyo unayemtaja alikufa mimi ningali mtoto," alisema. "Kisima hiki kimechimbwa na mikono hii. Wewe ni nani?"

Nikakuona ukifungua mdomo kumjibu. Nikaona jibu linakuja, lile refu, la pwani na Tabora na pembe begani. Mama akateleza kutoka juu ya punda, nikashindwa kumzuia, akaanguka kwenye mchanga. Ukamtazama. Na hapo ukafanya jambo ambalo mimi nimelihifadhi moyoni kuliko ushujaa wote uliowahi kutusimulia. Uliweka fimbo yako chini. Ukakaa mchangani, pale pale, mzee mzima mbele ya mikuki.

"Mama, siijui njia," ulisema. "Nimepotea. Mke wangu anakufa."

Yule mwanamke akasema, "Mbukwa." Hiyo ni salamu yao. Yaani sasa ndiyo ulikuwa umefika.

Aliifungua miiba mwenyewe. Hakumpa mama maji mengi, alimlowesha midomo, akangoja, akamlowesha tena, akanizuia mkono nilipotaka kumwaga zaidi. Tulikaa kwake mpaka mama akaweza kusimama. Alitupa uji wa uwele, na kila mara alipokupa wewe bakuli alikucheka. Ndipo akatueleza. Zamani watu wa huku walichimba visima vya njiani kila kiangazi, kwa sababu wasafiri walileta vitambaa na waya. Reli ilipokuja wasafiri waliacha kupita. Alikuuliza, kwa nini mtu avunjike mgongo akichimba maji ya mbweha? Watu wamehama, wamesogea relini au wamefuata malisho. Akanyoosha mkono upande wa machweo, akasema kutoka pale mpaka chini ya mlima wa Kilimatinde hakuna shimo hata moja lililo hai. Hata moja, baba. Ulikuwa umekaa karibu nami, ulilisikia.

Mumewe alitupeleka mpaka stesheni. Tulirudi Dodoma ndani ya gari la moshi, na wewe ulijifunika kilemba usoni ukajifanya umelala. Mama, na midomo yake mibovu vile, alinikonyeza.

Nyumbani ukaanza kusimulia. Mara ya kwanza ulisema tulipata taabu kidogo ya maji. Mara ya pili wewe ndiye uliyekiona kisima. Mwaka uliofuata Wagogo walikuwa wamekutambua kwa jina, wakakuchinjia ng'ombe, na visima vilikuwa vimejaa mpaka ukingoni kote njiani. Nilipotaka kusema, mama alinikanyaga mguu. Kumvua baba nguo mbele za watu si adabu, alisema. Nami nilikupenda, nikaona hadithi haimdhuru mtu. Uzee wako ungemkosea nani kwa hadithi moja.

Sasa hadithi ile imesimama mbele ya Mdachi ikajitolea kuongoza watu.

Sikulaumu kwa kusimama, baba. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Magoti yako nayajua, ninayakanda mimi kila masika. Gunia moja la nafaka likikaa kichwani kwako huwezi kufika hata Bahi, na anayeanguka haokotwi, Juma ametuambia. Ulitafuta namna ya kuishi. Ningekuwa wewe ningedanganya hivyohivyo, na labda ningedanganya vizuri zaidi. Lakini ulichokipata si uhai, umekisogeza kifo mbele kidogo tu.

Nimeuliza. Tangu nimefika hapa sina kazi nyingine ila kuuliza. Wapo Wagogo wanaokuja kuuza samli, nawasalimu, nakaa chini, nangoja, kisha nawauliza habari za huko. Wote wananijibu sawasawa. Mvua ya mwaka huu ilikuwa haba. Na hata nyumba chache zilizokuwa zimebaki kando ya njia ile zimehama, kwa sababu ya askari wanaochukua ng'ombe. Wamewaficha ng'ombe mbali, na walipoondoka waliviacha visima vijifukie. Nimemuuliza mmoja habari za yule mwanamke wa korongoni. Anamfahamu. Amekwenda, hajui wapi. Kwa hiyo safari hii ukikaa mchangani na kuweka fimbo chini hakuna atakayekuambia mbukwa.

Na nyuma yako watakuwapo watu wenye magunia vichwani. Nawaona wakipita kwenda majini. Wengine wana umri wa Juma. Wanakutazama mgongoni unapotembea, baba, wanakuamini, kama tulivyokuwa tukikutazama mimi na mama. Mama alikuwa na punda wa kumwokoa. Hao hawana punda.

Bi Tatu anasema nafaka ya upande wa Mtumba imekwisha kuingia, magunia yanashonwa. Anasema mnaweza kuondoka alfajiri yoyote. Ndiyo maana mwandiko wangu ni mbaya, usinicheke.

Ninalokuomba ni hili. Mwendee Bwana Mdachi, au mwambie askari mkubwa akupeleke, useme kama ulivyosema pale korongoni. Siijui njia. Sema njia imekufa, visima vimezikwa, watu wako watakufa na nafaka yake itabaki porini. Sema waifuate reli, ni ndefu lakini kila stesheni ina maji. Kama ana akili atakusikia, maana hata asipowahurumia watu ataihurumia nafaka. Usimpe ile hadithi ndefu. Msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, mama amenituma nikukumbushe.

Sitakudanganya. Atakuuliza kwa nini ulisema unaijua. Utapigwa kiboko mbele ya wote, kama alivyopigwa mtu mmoja jana. Kisha watakurudishia mzigo. Hilo la mzigo ndilo lililonifanya nitake barua hii isomwe kwa sauti. Nimekuaibisha mbele ya wenzako, nimekuvua nguo ambayo mama alinikataza kukuvua, na ninajua unavyokaa sasa hivi umeinamisha kichwa. Lakini sasa wamesikia. Wamejua kwamba ukisema kweli, unapigwa kwa ajili ya roho zao. Wenye utu kati yao watakupunguzia gunia, huyu kibaba, na yule kibaba, mpaka uweze kutembea. Nawaomba wafanye hivyo. Nawaomba kama ulivyoomba wewe, nimekaa chini.

Mama hajambo, ila hali chakula. Shanga zile nyeupe amezivaa tangu ulipochukuliwa na hazivui hata akioga. Ameniambia nisirudi peke yangu.

Nitakuwa hapahapa kwa Bi Tatu mpaka mwisho wa jambo hili. Kutoka hapa kambi haionekani vizuri, lakini sauti zinafika. Jana kiboko kilifika mpaka ndani ya nyumba, nikaziba masikio. Cha kwako sitaziba. Nikikisikia nitajua ni wewe, nitajua umesema, na nitalia na kumshukuru Mungu pamoja. Ninachokiogopa, baba, ni kuamka alfajiri nikakuta kambi iko kimya.

Mungu akupe ulimi mwepesi kabla hajakupa miguu myepesi.

Ni mimi mwanao,
Zuhura